Ubeti wa Kwanza Unauzwa

Katika mtaa wetu kuna watu wa aina mbili: wale waliowahi kutapeliwa, na mimi.

Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na ukweli ukikaa sana tumboni huleta gesi. Mwenye nyumba wetu alishauziwa mbolea ya kuotesha nywele. Mwenye bucha alinunua saa ya dhahabu ikamwachia alama ya kijani mkononi, anayo hadi leo. Hata bibi yangu, mwanamke ambaye akikutazama unakumbuka dhambi zako zote mpaka za darasa la pili, aliibiwa redio yake juu ya kabati, mchana kweupe, mimi nikiwa humo humo chumbani. Wezi siku hizi hawana haya. Lakini mimi? Mimi tapeli namnusa angali kona ya tatu. Kwa hiyo msikilizeni mtaalamu, maana hiki ni kisa cha tapeli aliyekuja kuuza kitu ambacho hakishikiki, hakiliki, na hakikuwa chake.

Tumwite Ajenti, kwa kuwa ndilo jina la mwisho alilotumia kabla hajaanza kukimbia.

Ajenti alikuwa na sura ya mtu aliyesimama mbele yako kwenye foleni ya benki. Unasimama naye asubuhi nzima, unajua mpaka mshono wa kola yake, mkiachana mlangoni humjui tena. Si mrefu, si mfupi, si mweusi sana, si mweupe sana. Sura hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wake. Matapeli wengine wanahitaji suti, vyeti bandia na gari la kuazima. Yeye alihitaji kuamka na kunawa. Akishamaliza watu wa mtaa mmoja alihamia wa pili, na waliolizwa wakienda kushtaki walikuwa wakiulizwa, "Yukoje?" wanatazamana, wanasema, "Yaani... mtu tu." Mwenyewe alikuwa akijigamba: "Mimi hata mama yangu mzazi nikibisha hodi huniuliza nani."

Jumapili moja alasiri aliingia kwenye baa ya Mama Kaunta kunywa soda. Ni baa ya kawaida: viti vya plastiki ambavyo hupoteza miguu kwa zamu, kreti tupu zilizopangwa zikaitwa jukwaa, na kalenda ya mwaka juzi ambayo haiondolewi kwa sababu inaziba ufa. Siku hiyo ilikuwa zamu ya kikundi cha Bi Kengele. Bi Kengele ni mwanamke mwenye kifua kipana na sauti ambayo inaweza kukuita ukiwa mtaa wa pili, ukaitika kabla hujajiuliza nani kakuita. Ana ngoma tatu, manyanga, na wanawake wa kuitikia ambao wanaitikia mpaka hoja zake za nyumbani.

Katikati ya wimbo, Bi Kengele aliona mtu kwenye kona akatupia tu: "Na Mzee Bati yumo, kakaa pale kwenye kona."

Basi. Hakusema zaidi ya hapo. Lakini Mzee Bati, mwenye nyumba wetu, mtu ambaye akikurudishia chenji hubaki ameshikilia ncha ya pili ya noti, alisimama, akarekebisha kola, akapunga mkono kama mgeni rasmi, kisha akaamuru kila aliyekaa karibu naye apewe cha kunywa.

Sisi jambo hilo tulikuwa tukiliona kila mara, na tulichokiona ni kinywaji cha bure. Ajenti aliona biashara.

Akasogea kaunta. "Mama, samahani. Yule mzee ametajwa tu?"

"Ametajwa tu," Mama Kaunta akasema huku akifuta glasi.

"Hajasifiwa?"

"Asifiwe kwa lipi? Wewe umeshalala kwenye nyumba yake mvua ikinyesha?"

"Na hawa wanapiga kila Jumapili?"

"Wanapokezana na bendi ya Mzee Zeze. Ila Jumapili ijayo zinapiga zote mbili, siku moja, jukwaa moja. Nimewabembeleza mpaka magoti yameota sugu. Tangu waachane haijatokea."

"Nani kamwacha nani?"

Mama Kaunta akaweka glasi chini, maana habari nzuri haisimuliwi mikono ikiwa na kazi. "Walikuwa mtu na mkewe. Bendi ilikuwa moja, na ilikuwa bendi, baba! Ndoa ikavunjika wakagawana: mama akachukua ngoma, mzee akachukua zeze. Nyumba ikawashinda kugawa, wakajenga ukuta katikati ya ua. Mpaka leo huyu upande huu, yule upande ule."

"Lakini wanaongea?"

"Hao? Juzi jiko la mzee lilishika moto, Bi Kengele akaenda kumwamsha fundi viatu mwisho wa mtaa ili fundi viatu aje amwambie mzee kwamba anaungua."

"Hawasemezani hata neno?"

"Hata salamu."

Ajenti akagusa kifungo cha pili cha shati lake. "Inasikitisha sana," akasema, na uso wake ukasikitika kweli.

Mama Kaunta hakumdanganya. Kila neno alilosema lilikuwa kweli tupu. Ila kuna swali moja Ajenti hakuuliza, na Mama Kaunta si mtu wa kujibu asichoulizwa. Angekuwa hivyo angeshafungua ofisi ya wakili.

Asubuhi yake Ajenti alimkuta Mzee Bati kibarazani akihesabu mabati mabovu kwa macho, kazi ambayo haimgharimu kitu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Kama unatafuta chumba, vimejaa. Kama paa linavuja, weka ndoo."

"Si hayo, mzee. Mimi ni ajenti wa beti."

"Sichezi kamari mimi."

"Beti za wimbo, mzee! Jumapili bendi mbili zinapiga. Watu watajaa mpaka madirishani. Sasa, wimbo wa kufungulia una ubeti wa kwanza, na ubeti wa kwanza lazima umsifu mtu. Suala ni: mtu gani?"

Mzee Bati akarekebisha kola. Ilikuwa namna ya mtu anayelijua jibu ila adabu inamzuia kulitaja.

"Mwenye bucha ameshaulizia," Ajenti akaongeza, akiangalia angani.

"Yule? Asifiwe yule? Kwa kuchinja ng'ombe vikongwe?"

"Ndivyo nilivyomjibu. Nikamwambia, kaka, mtaa huu mtu ni mmoja."

"Mmoja," akakubali Mzee Bati, polepole, kama anayetia sahihi.

"Na mimi, mzee, sigusi hata senti. Fedha zote ni za wasanii. Nakusanya tu, kisha siku ile nawakabidhi mbele ya macho ya watu." Mkono ukapanda kwenye kifungo cha pili, ukashuka.

Sasa, Mzee Bati si mjinga. Ile mbolea ya nywele ilikuwa ajali. "Sawa," akasema. "Nusu sasa. Nusu nyingine nikishasikia jina langu kwa masikio haya."

Kufika adhuhuri mwenye bucha naye alikuwa amenunua ubeti wa kwanza. ("Mwenye nyumba ameshaulizia," aliambiwa, na kisu kikakita kwenye gogo.) Msimlaumu Ajenti mapema. Bendi zilikuwa mbili, kwa hiyo hata beti za kwanza zilikuwa mbili: Mzee Bati kwa Bi Kengele, mwenye bucha kwa Mzee Zeze. Mpaka hapo alikuwa mwaminifu kuliko siku zote za maisha yake. Tatizo ni kwamba aliendelea kuuza. Akamuuzia mwenye saluni. Akamuuzia fundi viatu, aliyetaka atajwe kabla ya shemeji yake, kisha akamuuzia shemeji. Akamuuzia pia kijana mmoja wa shati la kijani, aliyetaka binti wa fundi cherehani asikie jina lake likiimbwa na ngoma tatu. Huyo kijana hatuhusu. Nimemtaja ili kisa kikamilike.

Wadogo walilipa chote, na hao Ajenti hakuwa na mpango nao tena. Wakubwa wawili, Mzee Bati na mwenye bucha, walibaki na nusu, na nusu zao zilikuwa nene. Tapeli mwenye akili angeondoka na alichopata. Lakini tamaa ni kama kamba ya mbuzi: inakuruhusu uende, mpaka pale inapoishia. Ajenti akaamua beti mbili hizo lazima ziimbwe. Hapo ndipo ile habari ya kutosemezana ilipomnogea mdomoni.

Akaenda kwanza kwa Bi Kengele, akamkuta ameinamisha ngoma karibu na jiko la mkaa. Ngozi ikipata joto hukaza, na yeye huigonga kwa kidole, huisikiliza, huisogeza, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Mama, Jumapili uanze na kumsifu Mzee Bati. Wafadhili wametaka hivyo, na malipo yapo tayari."

"Yapo wapi?"

"Ya bendi zote mbili nimempa Mzee Zeze akutunzie fungu lako." Kifungo cha pili. "Muulize tu."

Kidole cha Bi Kengele kikasimama juu ya ngozi. "Nimuulize nani?"

"Mzee Zeze."

"Mimi? Mdomo huu? Nimuulize yule?"

"Basi mama, usimuulize, yasiwe makubwa. Utapata Jumapili."

Akatoka, akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa pili. Mzee Zeze, mtu mwembamba kama upinde wa chombo chake, alikuwa anapaka nyuzi nta. Akaambiwa ubeti wa kwanza ni wa mwenye bucha, na malipo ya bendi zote mbili amepewa Bi Kengele. "Muulize tu, mzee."

"Heri nimuulize paka," akasema Mzee Zeze.

Ajenti akaondoka akipiga mluzi. Uongo wake ulikuwa umesimama juu ya nguzo moja tu, kwamba hao wawili hawasemezani, na nguzo hiyo mtaa mzima ulikuwa umemthibitishia.

Lile swali ambalo hakuuliza ni hili: kama hawasemezani, wanagombanaje?

Wanaimba.

Dirisha la chumba chetu mimi na Bibi linatazama ua wao, pande zote mbili. Kila jioni, tangu ukuta ujengwe, Bi Kengele hukaa upande wake na ngoma ndogo, Mzee Zeze upande wake na zeze, na wanatukanana kwa vina mpaka mtu mmoja aishiwe. Hawamwimbii mtu, wanauimbia ukuta. Ukuta ukisikika na jirani, hiyo ni kesi ya ukuta. Tangu redio ya Bibi iibiwe mapema wiki ile, hiyo ndiyo iliyokuwa taarifa yetu ya habari.

Jioni ile ngoma ilianza kwa hasira.

*Kuna jogoo mtaani kaatamia mayai ya mwenzake,*
*Ukuta, mwambie jirani: kila mmoja na fungu lake!*

"Leo kuna mayai," Bibi akasema, akavuta kiti karibu na dirisha.

Zeze likajibu, kwa kiburi kwanza:

*Jogoo hana mayai, kaambiwa yapo kwa tetea,*
*Ukuta, muulize mama: hayo nani alikuletea?*

Ukuta ukanyamaza. Jamani, ukuta ule haujawahi kunyamaza katikati ya ugomvi. Bibi akaacha kuchambua mchele, mkono hewani. "Haya ndiyo mapya," akanong'ona.

Kisha ngoma ikarudi, lakini chini chini, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyowahi kuishi. Ukuta, yule mtu alikuwa na sura gani? Zeze likakwaruza, likasita. Ukuta, sura siikumbuki. Hata mimi, ukuta, sikumbuki. Hapo sura ya Ajenti ilikuwa inafanya kazi yake, na kwa watu wengine ingetosha. Lakini hawa walikuwa watu wa bendi. Mzee Zeze maisha yake yote amekuwa akisikiliza kitu kilichotoka nje ya sauti, na aliimba kwamba kiatu cha kulia cha yule mtu kinalia, na kinalia vibaya. Bi Kengele, ambaye hutunga kwa kumtazama mtu usoni, aliimba kwamba nyusi ya kushoto imekatika katikati. Jirani, endelea. Endelea wewe, ukuta. Halafu wote wawili, kwa wakati mmoja, wakaimba habari za kifungo cha pili, wakagongana njiani kama watu wawili kwenye mlango mmoja.

Bibi akapangusa jicho. "Vumbi la mchele," akasema.

Sura ambayo mama mzazi hakuikumbuka ilikuwa imeshonwa vipande viwili na watu wasiosalimiana.

Jumapili ikafika. Baa ilijaa mpaka Mama Kaunta akauza kreti za jukwaa la akiba kama viti vya heshima. Mzee Bati alikaa mbele, suti ya harusi yake, kitufe cha tumboni kikiomba msaada. Mwenye bucha alikaa upande wa pili na miwani ya jua, humo ndani. Nyuma kabisa, karibu na mlango wa uani, alikaa Ajenti, begi katikati ya miguu. Ndani ya begi kulikuwa na nusu za wakubwa na zima za wadogo. Nje kulikuwa na bodaboda aliyelipwa asubiri injini ikiwaka. Mpango ulikuwa rahisi: beti mbili, bahasha mbili, mlango mmoja.

Na yule kijana wa shati la kijani alikuwepo pia, amepiga pasi mpaka mikunjo ya kiwiko. Hatuhusu.

Bi Kengele akapanda. Ngoma zikaita, manyanga yakajibu.

*Mwenye nyumba Mzee Bati, nyumba zako zina baraka,*
*Mvua ikinyesha nje, sisi ndani twanawa bila kuteka!*

Wapangaji tulilipuka. Watu walipiga meza, mama mmoja alilia kwa kucheka akamshika mtu asiyemjua. Na Mzee Bati? Mzee Bati alikuwa amesimama, mikono juu, anacheza! Mtu anayesifiwa, masikio yake hufunga duka mara tu baada ya jina lake. Alisikia "Mzee Bati" na "baraka," mengine akawaachia wenye shida.

Kabla hajamaliza kuzunguka, zeze likaingia, na mwenye bucha akavua miwani.

*Mwenye bucha, kidole chako kina nguvu za ajabu,*
*Kikigusa tu mizani, nusu huwa kilo bila tabu!*

Mwenye bucha akainua kidole hicho hicho juu, akakionyesha umati kwa fahari. Nilidhani paa litang'oka. Mzee Bati na mwenye bucha, kila mmoja akiamini amemshinda mwenzake, walicheza kifua kwa kifua kama majogoo waliokubaliana.

Ila kijana wa shati la kijani, kila ubeti ulipoisha, alikuwa ananyanyuka nusu, kisha anajifanya ananyoosha mgongo.

Wakubwa wakatoa bahasha, wakageuka kumtafuta Ajenti. Ajenti akanyanyua makalio kidogo tu, mkono tayari. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu ndoa ivunjike, ngoma na zeze zikapiga wimbo mmoja. Hata Mama Kaunta aliacha kupokea fedha.

*Mfadhili wetu yule, kakaa karibu na mlango,* akaimba Bi Kengele.

*Kaleta zawadi yetu, kwenye begi ndio mpango!* akajibu Mzee Zeze, akitazama ukutani kwa mazoea, ingawa mama alikuwa karibu naye kiasi cha kumkanyaga.

Vichwa vyote vikageuka. Ajenti akageuka pia, kuona ni nani huyo aliyekaa karibu na mlango. Alikuwa yeye.

*Nyusi ya kushoto imekatika kama njia ya panya,*
*Kiatu cha kulia kinalia, kinasema anachofanya!*

"Ndiye huyu!" akapiga kelele fundi viatu, ambaye kwa kiatu hadanganyiki. "Tikisa mguu, ndugu!" Ajenti, kwa woga, akautikisa. Kiatu kikalia. Baa nzima ikashangilia kama goli limeingia.

"Jamani, mimi si..." akaanza Ajenti.

"Si nini?" Mzee Bati alikuwa ameshafika, jasho likimtiririka kwa furaha. "Si ulisema fedha zote ni za wasanii? Si ulisema utawakabidhi mbele ya macho ya watu? Watu si hawa?"

"Macho tunayo!" wakajibu watu.

"Kaka, usione haya," akasema mwenye bucha, akamweka mkono begani, na ule mkono una uzito unaojulikana. "Mtu mwema lazima aonekane."

Ajenti akapiga hesabu. Akisema fedha si za bendi, itabidi aseme ni za nani, na mbele yake amesimama mtu mwenye visu dukani. Akatazama mlango. Bodaboda wake alikuwa ameshaingia ndani, anacheza na mwenye saluni.

"Ni... ni zao," akasema.

Begi likanyanyuliwa. Lilipita juu ya vichwa, mkono kwa mkono, likisindikizwa na vigelegele, na bahasha mbili zikarushwa juu yake zikiwa njiani. Likafika jukwaani. Bi Kengele akalipokea, akalikalia kama kiti, akakohoa, na ndipo akaimba mstari waliokuwa wameuficha:

*Akigusa kifungo cha pili, shika mfuko, anadanganya!*

Watu mia wakakumbuka vitu mia. Macho yote yakashuka taratibu mpaka kwenye kifua cha Ajenti, ambako mkono wake, maskini, ulikuwa tayari umeshika kifungo.

Alikimbia kwa mlango wa uani, kiatu kikimlilia njia nzima, na sisi tukiitikia. Hakuna aliyemfuata. Nani ataacha muziki kama ule? Na fedha hakuna aliyezidai, kwa sababu kila mtu alishapiga kifua hadharani kwamba amewapa wasanii. Jioni yake Bi Kengele aliweka fungu juu ya ukuta, akauambia ukuta una mzigo. Zeze likashukuru ukuta. Mpaka leo hawasalimiani, ingawa siku hizi matusi yao yana vina vizuri zaidi.

Wanasema Ajenti alihamia mji mwingine, akanunua miwani na viatu vya kimya. Lakini wimbo wa bendi ukishaingia kinywani mwa bodaboda hauna mpaka. Aliingia dukani, akasema, "Dada, mimi ni ajenti wa...", mkono ukapanda wenyewe, na yule binti, bila kuinua macho kutoka kwenye mizani yake, akaanza kuimba. Mtu aliyekuwa hana sura sasa anayo moja, na iko kila mahali.

Hivyo ndivyo nilivyoandika, na jana jioni nikamsomea Bibi karibu na dirisha, kwa sauti ya kutosha, maana masikio yake yamechoka. Nikamalizia kwa yale maneno ya mwanzo: mtaa huu una waliotapeliwa, na mimi.

"Umeandika vizuri, mume wangu," Bibi akasema. "Ila yule kijana wa shati la kijani. Mwisho wake ukawaje?"

"Bibi, yule hana maana kwenye kisa."

"Ubeti wake uliimbwa?"

"Nitajuaje mimi? Nilikwenda tu kumsemea kwa Bi Kengele, kama rafiki, nikaeleza na hasara yake."

Nilisahau jambo moja. Dirisha linalosikia ukuta, na ukuta nao hulisikia. Chini uani ngoma ndogo ikagongwa, mara moja, kwa adabu.

*Ulimsemea rafiki, mbona uliyelia ni wewe?*
*Redio ya juu ya kabati uliiuza, ubeti upewe!*

Na upande wa pili, zeze, bila hata kuombwa:

*Binti hakuusikia, kijana wa kijani usilie,*
*Tumeuimba leo ukutani, na bibi naye asikie!*

Bibi hakugeuka haraka. Alikunja kwanza kitambaa alichokuwa anashona, akakiweka juu ya kabati, pale pale palipo na alama ya mraba isiyo na vumbi.

"Bibi," nikasema, "ngoja nikueleze ukweli wote jinsi ulivyokuwa..."

Bibi hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama kifua changu. Nikatazama na mimi. Mkono wangu, sijui ulitumwa na nani, ulikuwa umeshafika kwenye kifungo cha pili.

Bibi akaushika mfuko wake.